Sentensi Moja

Mwalimu Kilyamanda aliandika ubaoni: kujifanya.
Akasema, tungeni sentensi.
Nikaandika: Kabula anajifanya mgonjwa ili asiteke maji.
Nikapata alama ya vema.
Kabula akanipata njiani, nikapata kofi.

Nilidhani nimelimaliza neno lile siku hiyo.

Mwaka uleule, mvua zikiwa bado hazijakata,
baba alikufa. Mpima tumbaku,
mwenye kikohozi cha hatua tatu na koti la kaki
lililonuka jani hata likifuliwa mara saba.
Nyumba yetu ya Isevya ikajaa mikeka.
Mama hakulia. Hakula. Alikaa akitazama birika
kama mtu anayesubiri treni
iliyokwisha kupita.

Siku ya tatu akaingia Mwavita binti Kondo,
Mzaramo wa vitumbua vya stesheni,
mtani wetu:
koti la baba mwilini, kofia imemfunika nyusi,
penseli sikioni, upande uleule wa kushoto.
Akakohoa: kho, kho, akangoja, kho.
"Mwangaluka!" kwa ulimi wa pwani,
Kinyamwezi chake kikichechemea kama mbuzi mwenye kamba mguuni.
"Nani kahamisha kiti changu? Mizani yangu nani kaiuza?
Nimetoka kidogo tu, mmeshaanza kugawana masufuria!"

Akajilaza katikati ya waombolezaji,
akakataa kufa mpaka alipwe.
Baba mdogo akatoa noti. Mwavita akaipima kiganjani,
akafumba jicho moja.
"Ina unyevu hii. Tunakata kilo mbili."
Ndivyo baba alivyomwambia kila mkulima
kuanzia Urambo hadi Sikonge.

Hapo mama akainua uso.
"Umechelewa," akaliambia lile koti.
"Chai imepoa."
Akacheka, kicheko kikakatika katikati,
na kilichotokea upande wa pili
kilikuwa kilio cha siku tatu.

Nikakimbilia uani kuikwepa sauti ile.
Nyuma ya jiko Mwavita alikuwa amekalia kinu,
kofia magotini,
akilia taratibu kwa sauti yake mwenyewe.
Aliponiona akaivaa kofia upesi,
akakohoa: kho, kho,
akangoja,
akashindwa ya tatu.

Tangu hapo nalichungulia neno lile.
Vijana wana yao, kuvunga, kuzuga,
na mama alikuwa na lake, kujitia hamnazo,
alilolitumia kwa waliomdai marehemu.
Lakini hili lina mikono ndani.
Fanya, kisha hiyo ji iliyojibana pale kati
kama mfinyanzi aliyekosa udongo
akaanza kujifinyanga mwenyewe.
Mwalimu alisema ni uongo wa mwili mzima.
Sawa. Hakutuambia
kwamba ipo siku mtu anajifanya fulani
kwa kuwa huyo fulani hayupo
na kuna mtu ndani hajala.

Leo tumemzika Mwavita.
Utani ni deni la pande mbili.
Nimesimama uchochoroni, mwanaume mwenye mvi za kwanza,
kanga yake moja kiunoni, nyingine kichwani,
sinia la vitumbua vilivyoungua upande mmoja,
kama vyake.
Chausiku, bintiye, yumo ndani, ameukazia macho ukuta.

Najaribu sauti:
"Chenji sina! Ongeza kitumbua twende sawa!"
Inatoka nene mno.
Najaribu tena, nikiuvuta ule mwisho wa maneno
alivyouvuta yeye, kama anayeng'oa uzi kwenye nguo.

Kabula ananisukuma mgongoni,
Kabula yuleyule, siku hizi anaumwa kweli, magoti.
"Ingia basi," anasema.
"Na usilie kabla hujalipwa."